Tasbihi ya korosho: shukrani ya wagonjwa wawili wa Nachingwea

Kila usiku baada ya swala ya isha, mke wangu hutandika mkeka na kuniwekea mabakuli mawili. Moja lina korosho ghafi, bado zimo ndani ya maganda yake ya kijivu. La pili ni tupu. Kazi yangu ni kuzihamisha korosho hizo moja moja kwa mkono wa kushoto, bila kuusaidia kwa mkono mzima. Usiku wa kwanza nilihamisha saba. Ya nane iliniponyoka ikabingirika hadi mlangoni. Mjukuu wetu akaifuata, akairudisha bakulini na kuniambia, "Babu, rudia."

Sasa nahamisha 99. Korosho 33 za kwanza nazihesabu kwa Subhanallah, 33 zinazofuata kwa Alhamdulillah, na 33 za mwisho kwa Allahu Akbar. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amenielekeza nifinye mpira mdogo. Mpira hatukuwa nao, ila korosho zilikuwepo, maana huku Nachingwea na Ruangwa ni nadra kukuta nyumba isiyo na korosho hata kibaba. Ndivyo tasbihi yetu ilivyoanza.

Naandika makala haya kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeishikilia karatasi isipeperuke. Mwaka juzi usingeweza hata hilo.

Asubuhi ya Julai

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kwetu ni Nachingwea. Mke wangu ni binti wa Ruangwa, upande wa Mbekenyera. Tangu wajukuu waanze kujaa nyumbani tumeacha majina yetu ya zamani, tunaitana Babu na Bibi kama wanavyotuita wao.

Nilipimwa nikakutwa na presha nikiwa bado nashika chaki. Nikapewa vidonge. Nilivinywa miezi kadhaa, kichwa kikaacha kuuma, usingizi ukarudi, nikaviacha. Nalisema hili wazi kwa sababu najua siko peke yangu. Tumezoea malaria: unaumwa, unameza dawa siku tatu, unapona, unarudi shambani. Basi na presha tunaifanyia hivyo hivyo.

Siku hiyo ya Julai nilikuwa nafunga vifungo vya shati. Kidole kikagoma. Nikashika kikombe cha chai, kikaanguka. Nikataka kumwita Bibi, sauti ikatoka imekatikakatika kama ya mtoto anayejifunza kusema. Alipotoka jikoni alinitazama usoni mara moja tu. Mdomo ulikuwa umevutwa upande. Hakusema nilale kwanza nipumzike, wala hakusema ni pepo. Alipiga yowe kwa jirani, bajaji ikaja, nikapakiwa.

Hospitalini, muuguzi kijana aliyeweza kuwa mwanangu wa mwisho alifunga kitambaa cha kipimo mkononi mwangu, akasoma namba, kisha akauliza, "Babu, dawa za presha unakunywa?"

Bibi akanijibia. "Aliacha, mwanangu. Alisema amepona."

Yule binti hakunikaripia. Alisema kwa upole, "Presha haiponi, babu. Inatulizwa tu. Ukiacha dawa, inaamka."

Nimefundisha darasani miaka mingi, lakini sikumbuki kama niliwahi kutoa somo fupi na la kweli kiasi hicho. Shirika la Afya Duniani linasema watu wazima zaidi ya bilioni 1.2 duniani wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui kuwa wanalo. Mimi nilikuwa katika ile nusu inayojua, na bado nilijiweka mwenyewe kwenye njia ya kiharusi. Kwa hiyo shukrani yangu ya kwanza ilianzia kwenye toba.

Miguu ya Bibi

Nikimaliza korosho, zamu inageuka. Bibi ananyoosha miguu juu ya mkeka, nami nawasha tochi ya simu. Nakagua nyayo, visigino, na katikati ya kila vidole viwili, nikitafuta mchubuko, lengelenge au mwiba.

Bibi ana kisukari, huu ni mwaka wa 12. Ugonjwa huu ukikaa sana huweza kufisha hisia za miguuni. Mtu anakanyaga mwiba asubuhi, anatembea nao kutwa nzima, na haumii. Baada ya siku chache ni kidonda, na kidonda cha mguu wa kisukari kikipuuzwa huweza kumaliza mguu wenyewe. Ndiyo maana kliniki wanasisitiza miguu itazamwe kila siku. Bibi hawezi kujikagua nyayo, mgongo haukunjiki tena. Kazi hiyo ni yangu.

Tumeoana zaidi ya miaka 40, na hadi ugonjwa ulipotukalisha chini sikuwahi kuitazama vizuri miguu ya mke wangu. Juu ya dole gumba la kulia kuna kovu la jembe. Aliniambia ni la mwaka aliokuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili, alipolima peke yake kwa kuwa mimi nilikuwa semina. Kwenye kisigino kuna ufa mrefu uliopona vibaya, wa enzi za kufuata maji kabla bomba halijafika mtaani kwetu. Nilisomewa historia ya nyumba yangu kwenye nyayo za mtu aliyeibeba. Usiku ule nilizima tochi nikakaa kimya. Bibi akauliza, "Umeona kidonda?" Nikamjibu hapana, sijaona kidonda.

Vidonge vilimsaidia kwa miaka mingi, kisha daktari akamhamishia kwenye sindano za insulini. Jokofu hatuna. Tulielekezwa kutumia vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga, na mchanga unamwagiwa maji asubuhi na jioni. Maji yanapokauka taratibu huondoka na joto, na kichupa ndani ya chungu kidogo, kikiwa kimefungwa kwenye mfuko kisilowe, kinakaa kwenye ubaridi hata mchana wa Oktoba ambao bati linalia kwa jua. Mwenye zamu ya kumwagia maji ni mjukuu wetu. Hajasahau hata siku moja.

Nilipomsimulia mjukuu huyo insulini ilitoka wapi, alinikazia macho. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto nchini Canada, Frederick Banting na Charles Best walifanikiwa kuitoa kwenye kongosho la mbwa. Januari 1922 alichomwa mgonjwa wa kwanza, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa amebaki mifupa. Kabla ya hapo, mtoto mwenye kisukari cha aina yake alinyimwa chakula ili tu aongezewe siku za kuishi. Hati ya ugunduzi ule waliikabidhi Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja. Bibi aliposikia hivyo, akiwa ameshika bomba la sindano, alisema, "Mungu awape kheri huko waliko." Ni watu wasiojua Mbekenyera iko wapi, na mtoto wa Mbekenyera anaishi kwa kazi yao.

Treni iliondoka, Stesheni ikabaki

Nachingwea kuna kata inaitwa Stesheni. Mgeni akishuka kwenye basi anaweza kuulizia treni, na hataiona.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalishushwa, misitu ikafyekwa, bandari ikajengwa Mtwara na reli ikaletwa hadi kwetu. Mashamba yakapewa namba. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikawa zimezama. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962, chuma kikang'olewa. Yapo majina tu: Stesheni, na Farm 17, shamba lililokuja kuwa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji.

Nimefundisha habari hizi kwa miaka mingi kama hasara. Baada ya kuugua nikaanza kuzisoma upya. Mji wetu ulianzishwa na watu waliotarajia makubwa yaliyoporomoka, lakini wenyeji hawakuhama. Walihesabu kilichobaki, wakapanda mikorosho, ufuta na mbaazi, wakaendelea kuoa na kuzaa. Mimi na Bibi tuko hivyo. Mwili niliokuwa nao kabla ya Julai ile umeondoka kama treni. Uliobaki una mkono mmoja na nusu, macho mawili na ulimi uliorudi. Naishi humo.

Miongoni mwa vilivyobaki ni hospitali ya misheni ya Mnero, wilayani kwetu. Wazee wa huku wanamkumbuka Dakta Leader Stirling, Mwingereza aliyekuja kusini mwa Tanganyika mwaka 1935 akiwa daktari wa upasuaji wa misheni ya Kianglikana. Alifanya kazi Lulindi kule Masasi, na baada ya kuingia Kanisa Katoliki akahamia Mnero mwaka 1949, akakaa hapo takriban miaka 15. Mwaka 1949 ndio ule ule ambao karanga zilikuwa zinawashinda wenye matrekta. Wao waliondoka, yeye akabaki na wagonjwa wake. Alikuja kuwa mbunge, akawa raia wa nchi hii, na mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akamteua Waziri wa Afya, wadhifa aliokuwa nao hadi 1980. Alifariki mwaka 2003, miaka 68 baada ya kukanyaga ardhi yetu.

Nikiwa Mwislamu, naona haya kutoshukuru kwa hilo. Misheni za Wabenediktini za Ndanda, Nyangao na Mnero zimewahudumia Waislamu na Wakristo wa Lindi na Mtwara bila kuwauliza wanasali wapi. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni mama wa Kikatoliki. Nilipokuwa nimelala, Bibi aliposwali alfajiri, mama yule alikuwa uani kwake anasali rozari kwa ajili yangu. Asubuhi analeta uji, ananiambia, "Mwalimu, Mungu wetu ni mmoja, kunywa uji." Sina hoja ya kumpinga.

Salfa ya mashemeji

Kiharusi changu kilikuja katika mwezi mbaya kwa mkulima wa korosho. Julai na Agosti ndipo mikorosho inapotoa maua, na ubwiri unga ukiyawahi maua, mwaka umekwenda. Lazima salfa ipulizwe, tena kwa wakati na kwa kurudia.

Mikorosho yetu iko Ruangwa. Bibi aliirithi kwa mama yake, kwani kwa desturi ya Wamwera ukoo unafuatwa upande wa mama. Mwaka ule hapakuwa na wa kuihudumia. Mume amelala, mke anamgeuza ubavu kila saa chache na huku anajichoma sindano yake mwenyewe. Fedha ya salfa ilikuwa imeshakwenda kwenye nauli na dawa.

Hatukumwomba mtu. Wiki ya tatu mpwa wa Bibi akapiga simu: mashemeji wamekwisha kupulizia duru ya kwanza. Walianza na shamba la dada yao, kisha wakaingia kwao. Walifanya hivyo duru zote. Novemba shemeji mkubwa alikuja Nachingwea na stakabadhi ya mzigo uliopokewa katika chama cha msingi na kuuzwa kwenye mnada wa RUNALI, ushirika wetu wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Aliketi pembeni ya kitanda na nguo bado zina harufu ya salfa na moshi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Mzigo wenu huu. Fedha itaingia kwenye akaunti ya dada."

Nikataka kumwambia wachukue sehemu yao. Maneno yalikuwa bado mazito mdomoni. Akaelewa, akainua mkono. "Sisi tumepulizia tu, shemeji. Iliyozaa ni mikorosho."

Nililia. Kiharusi humfanya mtu alie upesi, madaktari wanajua hivyo, lakini kilio kile hakikuwa cha ugonjwa. Maisha yangu yote nilijiona mtoaji: mshahara wa serikali, ada za wapwa, ushauri kwa kila aliyebisha hodi. Kupokea sikuwa nimejifunza. Kitandani, mkono umelala kando kama gogo, nililazimika kupokea uji, kupokea kunawishwa, kupokea salfa ya watu waliokuwa na mashamba yao. Mtu asiyejua kupokea kwa binadamu, nadhani, huwa anamshukuru Mungu kwa ulimi tu.

Si kila mgonjwa hupona

Sitaki msomaji mwenye mgonjwa ndani adhani namwambia atabasamu. Zipo siku Bibi anakataa sindano, anageukia ukutani. Zipo siku mimi narusha bakuli la korosho. Zipo nyumba ambazo walisali kuliko sisi, wakanywa dawa kuliko sisi, na bado wakazika.

Historia ya Nachingwea yenyewe inatukumbusha hilo. Samora Machel, aliyewaandaa wapiganaji wa FRELIMO hapa Farm 17, alimwoa Josina mwaka 1969 kule Tunduru. Josina alikuwa mpiganaji, mwangalizi wa watoto waliofiwa na vita, mama wa mtoto mchanga. Aliugua, akaendelea na kazi akiwa mgonjwa. Alifariki Muhimbili tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na umri wa miaka 25. Msumbiji huiadhimisha tarehe hiyo kama Siku ya Mwanamke. Mumewe alirudi kambini, na mwaka 1975 akavuka Ruvuma kwenda kuiongoza nchi huru ambayo mkewe hakuiona. Sidhani yupo mtu mwenye haki ya kumwambia mgane wa namna hiyo kwamba ugonjwa ni neema.

Ugonjwa si neema, na sijawahi kuushukuru. Ninachokishukuru ni vile vinavyotufikia tukiwa ndani ya ugonjwa: chungu chenye mchanga, muuguzi asiyekaripia, shemeji mwenye harufu ya salfa. Kisa cha Nabii Ayubu tumesimuliwa sote tangu utotoni, msikitini na kanisani. Tunamsifu kwa subira yake. Katika masimulizi yetu ya Kiislamu yumo pia mkewe, aliyemhudumia wakati wengine wamemkimbia, akafanya kazi za watu ili wapate kula. Sasa ninapokisikia kisa kile namfikiria zaidi huyo mama. Subira ya mgonjwa mara nyingi hupikwa na mtu mwingine jikoni.

Na imani? Ilikuwapo hata nilipoacha vidonge. Nilikuwa naswali swala tano na presha inapanda. Siku hizi nameza kidonge changu baada ya alfajiri, kabla sijanyanyuka kwenye mswala, na nakihesabu kuwa sehemu ya dua. Anayemwomba Mungu uzima kisha akaiacha dawa dirishani anakuwa ameomba mvua na kuufunika mtungi.

Kabla fedha ya mnada haijaisha

Nimeandika haya msimu ukiwa unakaribia, kwa makusudi. Katika wilaya zetu hizi mbili fedha huja kwa mkupuo: ya ufuta katikati ya mwaka, ya korosho kuanzia Oktoba. Ikija, tunanunua bati, tunanunua pikipiki, tunawacheza watoto ngoma. Halafu Februari mtu anaugua na nyumba haina hata nauli ya kumfikisha mjini.

Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulitutaka shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, na wengi tulisema hatuna, huku tukiwa tumetoka mnadani. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nawasihi wenzangu wa Nachingwea na Ruangwa: ulizeni utaratibu wake katika zahanati na ofisi ya kijiji, na mchango wa bima uwe wa kwanza kutoka fedha ya mnada ikiingia, kabla ya bati.

Pili, pimeni. Presha haina alama, na sukari hukaa mwilini miaka kabla ya kujitangaza. Mume ampeleke mke, na mke ampeleke mume, siku moja, wakae benchi moja.

Tatu, jifunzeni dalili za kiharusi na muwafundishe watoto: uso kuvutwa upande mmoja, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kukwama. Ukiona mojawapo, usimlaze mtu apumzike, usimwite mganga, usisubiri kuche. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Niko hai kwa sababu Bibi hakusubiri.

Na kwa mwenye mgonjwa ndani usiku huu: chukua tochi, mkague miguu. Kesho ukisikia shamba la jirani mgonjwa halijapulizwa, anza na lake.